Somo la Historia: Sikukuu ya Tarehe 19 Juni

Someni polepole pamoja na mwalimu wenu, na kila tarehe mtakayoisikia iandikeni katika daftari.

Leo tutajifunza juu ya sikukuu ya Marekani iitwayo Juneteenth. Jina hili limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza: moja maana yake Juni, la pili kumi na tisa. Ni sikukuu ya kukumbuka mwisho wa utumwa.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1861 vita vilizuka Marekani baina ya Kaskazini na Kusini. Majimbo ya Kusini yalijitenga kwa kuwa yalitaka kudumisha utumwa. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote katika sehemu zilizoasi ni watu huru.

Je, siku ile wote walipata uhuru? La. Tangazo ni karatasi tu mpaka apatikane wa kulitekeleza. Jimbo la Texas lilikuwa mbali, na askari wa Kaskazini huko walikuwa wachache. Mabwana wengine wa majimbo ya jirani waliwahamishia watumwa wao Texas makusudi, ili jeshi lisiwafikie. Tena, katika majimbo mengi ya Kusini sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Asiyejua kusoma hupata habari kwa kinywa cha mwingine. Na kama huyo mwingine ndiye bwana wake, atamwambia nini? Wako waliosikia habari kwa siri, lakini kusikia peke yake hakukuwafungua.

Mwezi wa Aprili 1865 jeshi kubwa la Kusini lilisalimu amri. Tarehe 19 Juni mwaka huo Jemadari Gordon Granger, akiwa katika bandari ya Galveston, alitoa amri kwamba watumwa wote wa Texas ni huru. Walikuwa watu kama 250,000. Fanyeni hesabu: tangu tangazo la Rais ilikwisha pita miaka 2 na miezi 5 na zaidi. Amri hiyo iliwashauri wakae walipo, wafanye kazi kwa mshahara. Basi wakawa huru, lakini bila shamba wala akiba.

Mwaka uliofuata, 1866, wakaanza kuisherehekea siku hiyo. Walivaa nguo nzuri, wakasali, wakaimba, na tangazo la uhuru likasomwa mbele ya watu wote. Kisha wakala nyama ya kuchoma. Mpaka leo vyakula vyekundu hupendwa siku hiyo, kama tikiti maji na soda nyekundu. Wengi husema rangi hiyo hukumbusha damu ya wazee wao.

Mahali pa kukusanyikia palikuwa shida, maana mara nyingi walikatazwa viwanja vya umma. Wakafanya nini? Walichanga. Mwaka 1872, katika mji wa Houston, watu waliokuwa watumwa, wakiongozwa na mchungaji Jack Yates, walinunua ekari 10 kwa ajili ya sikukuu yao. Kiwanja hicho kipo hata leo.

Texas iliifanya kuwa sikukuu ya jimbo mwaka 1980. Mwaka 2016 mwalimu mstaafu Opal Lee, mwenye umri wa miaka 89, alianza kutembea mji hata mji, maili 2 na nusu kila mara, ishara ya ile miaka 2 na nusu ya kungoja. Alitaka iwe sikukuu ya nchi nzima. Mwezi wa Juni 2021 ikawa hivyo.

Haki iliyoandikwa yataka mtu wa kuisoma na mtu wa kuisimamia. Wewe uliyeshika penseli leo umekwisha anza lile la kwanza.

Maswali:
1. Kwa nini watumwa wa Texas walichelewa kupata uhuru?
2. Watu wa Houston walipataje kiwanja chao?
3. Je, kwenu iko sikukuu ya kukumbuka jambo la zamani? Andika sentensi tatu juu yake.