Nani Ameshika Mti wa Kipoyi

Fizi, mashariki mwa Kongo, imeinuka ghafla kutoka ziwani. Maji ya Tanganyika yako karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukiyapa kisogo na kupanda kuelekea Itombwe, vilele vinapita mita 3,000. Katikati kuna makorongo, mito inayofurika msimu wa mvua na njia za mguu zinazoteleza. Barabara kuu ni ile itokayo Uvira ikipita Baraka na Fizi kuelekea Kalemie. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya historia ya nchi hii, mgonjwa hakufika popote mpaka watu wamwinue. Wengi wakiisimulia historia hiyo huanza na vyombo: kitanda cha miti, mtumbwi, kipoyi (kiti au kitanda cha kubebwa na watu), machela ya turubai, pikipiki, ambulansi. Wanaipanga kama ngazi, kila kipandio kikiwa bora kuliko cha chini yake. Nadhani mpangilio huo unapotosha. Chombo kilekile kimemtesa mtu na kimemhifadhi mtu, na tofauti haikuwa katika miti na kamba. Ilitokana na wabebaji: waliitwa au walikamatwa, walikuwa wangapi, na nani alikuwa na haki ya kusema tua.

Ushahidi wa kwanza unatoka katika misafara ya karne ya 19, iliyozunguka ziwa lote hili. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Richard Burton, akiwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kutembea, alifikishwa ziwani kwa kubebwa, kisha akapelekwa kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira kupitia Ubwari, rasi ambayo leo ni sehemu ya Fizi. Lakini mfano unaofundisha zaidi ni wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, kwa sababu alibebwa mara mbili juu ya chombo cha namna moja. Mapema mwaka 1869, akiwa na homa ya mapafu, alibebwa kwenye kitanda na watu wa msafara wa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pwani, kuelekea ufuo wa magharibi wa Tanganyika. Bogharib alimtendea wema, na Livingstone mwenyewe alikiri hivyo. Hata hivyo anaeleza jinsi alivyorushwarushwa njiani, jua likimchoma, huku yeye akijikinga uso kwa fungu la majani. Msafara ulikuwa na mwendo wake na mali yake, na mgonjwa alikuwa mzigo mmoja kati ya mingi.

Aprili 1873, kusini zaidi, alibebwa tena, safari hii na watu waliokuwa naye kwa miaka: Chuma, Susi na wenzao. Walitengeneza kitanda cha miti miwili mirefu iliyounganishwa kwa vijiti vya kukingama, wakatandika nyasi na blanketi, wakakitundika kwenye mti mmoja unaokaa mabegani, na juu yake wakaweka blanketi jingine la kuzuia jua. Siku ambayo hakuweza kufika mlangoni, walibomoa ukuta wa kibanda ili kitanda kimfuate alipolala. Walipofika mtoni, mkono uliopita chini ya mgongo ulimuumiza mno. Basi akamwomba Chuma ainame kabisa juu yake, akamkumbatia shingo kwa mikono yake miwili, akaelekeza kiuno kisiguswe, na hivyo akateremshwa taratibu ndani ya mtumbwi. Ndani ya tukio hilo yamo karibu yote ambayo mwalimu wa huduma ya kwanza hufundisha leo: leta machela kwa mgonjwa, usimlete mgonjwa kwa machela, tafuta panapouma kabla ya kuinua, mwache aliye na fahamu aongoze. Mtu anaweza kusema kwamba habari za 1873 zilitoka vinywani mwa wabebaji wenyewe, kupitia kwa mhariri wa shajara za Livingstone, Horace Waller, na kila mtu hujisifu. Ni kweli, lakini anayejisifu hutaja uaminifu na machozi. Ukuta uliobomolewa na kiuno kisichoguswa ni habari za mtu aliyeifanya kazi.

Ukoloni wa Kibelgiji uliichukua elimu hiyo ya mabega na kuigeuza adhabu. Kipoyi kikawa usafiri wa ofisa mwenye afya njema akienda kukagua vijiji na kukusanya kodi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la kikoloni la Kongo, Force Publique, lilivuka kwenda kuwapiga Wajerumani, likatwaa Kigoma na kuingia Tabora Septemba 1916. Hesabu inayotajwa mara nyingi na wanahistoria ni ya wapagazi wapatao 260,000 waliotumikishwa upande wa Kongo, na mashariki ya nchi ilikuwa mlango wa vita hiyo. Mbebaji aliyetolewa kwao kwa nguvu hana sababu ya kuhesabu hatua zake ziende sawa na za mwenzake, na hana ruhusa ya kusimama anayebebwa akilalamika. Hapo ndipo kubeba mtu, jambo ambalo kijijini lilikuwa deni la jirani kwa jirani, lilipochanganywa na kiboko.

Alama ya mchanganyiko huo ilionekana milimani Fizi mwaka 1965. Mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara, akiwa na wapiganaji kutoka Kuba waliokuja kuwasaidia waasi, alivuka ziwa hadi Kibamba tarehe 24 Aprili mwaka huo, akaondoka Novemba, na katika maandishi yake analalamika kwamba wapiganaji wa hapo walikataa kubeba mizigo, wakimjibu kuwa wao si magari. Yeye aliona uvivu na ukosefu wa nidhamu. Nasoma jibu hilo kwa namna nyingine: ni kauli ya watoto na wajukuu wa waliobebeshwa. Utaniambia kwamba vijana wale hawakuwahi kuushika mti wa kipoyi cha mzungu. Huenda, lakini kazi za shuruti ziliendelea hadi karibu na uhuru, na heshima ya bega hurithiwa kama shamba. Oktoba ya mwaka huohuo, Mkuba mmoja aliyetobolewa pafu kwa risasi alibebwa na wenzake kupita vilima vilevile vyenye utelezi, naye akafariki. Hawakukosa ari. Walikosa wingi wa watu wa kupokezana na ujuzi wa njia, vitu ambavyo wenyeji walikuwa navyo.

Vita vya 1996 na 1998 viliharibu kingine: ukaribu wenyewe. Maelfu ya watu wa Fizi walivukia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikawa makao yao kwa miaka. Urejeshaji wa wakimbizi kwa meli hadi Baraka ulipoanza mwaka 2005, vijiji vilivyojengwa upya havikuwa na majirani walewale wa kuitana usiku. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wamefika Baraka tangu 2003. Hospitali ya Nundu, iliyoasisiwa na misheni ya Wamethodisti Huru, iliendelea kupokea wagonjwa, na pikipiki ikajaza pengo la njiani. Pikipiki ni ya haraka, na anayeidharau hajawahi kumsubirisha mama anayetokwa na damu. Lakini tazama anavyokaa huyo mama: wima, amebanwa kati ya dereva na ndugu, kichwa kinaanguka kifuani na kubana njia ya hewa, damu iliyobaki inashuka miguuni badala ya kufika kwenye ubongo. Aliyevunjika paja, mguu unaning'inia na kila shimo la barabara linausogeza mfupa. Kitanda kingemlaza mama mjamzito kwa ubavu wa kushoto, mimba isikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mwenye homa ya mapafu angeinuliwa kifua.

Pingamizi zito ni kwamba ninausifia umaskini: kitanda ni polepole, watu wengi walifia njiani, na wabebaji hawakujua uti wa mgongo ni nini. Sikatai kwamba mwendo wa polepole huua. Kuhusu mgongo, kitanda kinacholegea katikati kweli ni hatari, na ndiyo maana kinahitaji vijiti vya kukingama vilivyokaribiana na watu wa kumgeuza mgonjwa mwili mzima kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga, kwa hesabu ya mmoja. Lakini kifaa kigumu peke yake nacho si jibu: mwaka 2013 vyama vya madaktari wa dharura na wapasuaji wa Marekani vilishauri matumizi ya ubao mrefu yapunguzwe, kwa kuwa kumlaza mtu juu yake muda mrefu huleta maumivu na vidonda vya kugandamizwa. Wengine watasema jibu ni barabara na ambulansi. Lakini Sange, kaskazini mwa mji wa Uvira, iko kando ya barabara kuu. Lori la mafuta lilipolipuka pale tarehe 2 Julai 2010 na kuua watu zaidi ya 230, helikopta za Umoja wa Mataifa zilisaidia kuwasafirisha majeruhi, lakini mikono ya kwanza kuwagusa ilikuwa ya majirani. Ndivyo ilivyo katika kila ajali.

Kama ni hivyo, swali la kupangiwa bajeti ni namna ya kuwapata wabebaji walio huru, wengi na waliofunzwa. Kusini-magharibi mwa Uganda, vikundi vya engozi vina jibu la zamani: kila kaya mwanachama hutoa mtu wa kubeba au hulipa faini, na machela ni mali ya wote. Vikundi hivyo vilikuwa imara kiasi kwamba hospitali ya Kisiizi ilijenga juu yake mpango wake wa bima ya afya mwaka 1996. Fizi ina hofu yake halali, kwamba zamu ya kubeba ikisimamiwa na chifu au kamanda itarudi kuwa shuruti. Kinga yake ni kulipa siku ya mbebaji, kumwekea haki ya kukataa, na kuliacha daftari mikononi mwa wanachama. Zoni za afya za Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe zinapopokea machela mapya, fungu la mafunzo na malipo ya watu sita wa kuyashika linapaswa kuandikwa katika karatasi hiyohiyo. Bila watu hao, machela hayo yatalala kwenye stoo ya kituo cha afya, na mgonjwa ataendelea kuketishwa wima juu ya pikipiki.