Pointi Sita za Takataka

Mwaka wa 1998 timu yetu ya wasichana ilifungwa mabao manne na jirani zetu wa ng'ambo ya mto, na mwisho wa mwezi bado tukawa juu yao kwenye msimamo wa ligi. Nilikuwa na miaka 11. Nilisimama mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani nikahesabu kwa vidole, nikarudia, ndipo nikaona. Ushindi ulikuwa pointi 3. Kusafisha mtaa, pointi 6. Wao walishinda mechi nne wakapata 12, lakini siku za usafi hawakutokea. Sisi tulishinda moja, tukatoka sare moja, tukazoa taka mara mbili: 16. Nilikimbia nyumbani kumweleza mama hesabu hiyo. Ya darasani sikuwahi kumweleza hata moja.

Ligi hiyo ilikuwa ya MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilichoanzishwa mwaka wa 1987. Mathare ni bonde lililochimbwa mawe ya kujengea Nairobi. Machimbo yakaacha kuta za miamba, na watu wasio na pa kukaa wakajenga vibanda chini yake. Watoto walicheza mpira wa majuala: unakusanya mifuko ya plastiki, unaifinyanga, unaifunga kwa kamba ya katani hadi iwe mviringo, na kabla ya jioni imeanza kufumuka. Raia mmoja wa Kanada, Bob Munro, aliyekuwa jijini kwa kazi za mazingira na maendeleo, aliwaona wakicheza. Makubaliano aliyofanya nao yalikuwa wazi: mkifanya jambo nami nitafanya, msipofanya sifanyi. Mpira wa kweli na ligi yenye refa vingepatikana, nao wangesafisha mtaa wao.

Takataka hazikuwa jambo la pambo. Hakuna lori la jiji lililofika kwetu. Mifereji iliziba, mvua ikinyesha uchafu wote uliingia ndani ya nyumba, na watoto wadogo ndio waliougua, wengine wakafa. Jumamosi asubuhi tulikutana na reki, majembe, mafyekeo na wilbaro moja ya kugombania. Nahodha alikuwa na daftari, asiyefika hakuandikwa. Mwaka wa 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, safari fupi tu kutoka bondeni, liliipa MYSA tuzo yake ya Global 500. Nilikuwa mdogo mno kuikumbuka siku hiyo, lakini dada wakubwa waliisimulia kana kwamba kila mmoja wao aliishika kwa mkono wake.

Msomaji asiyeishi miaka ile aelewe shule ilivyokuwa. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985, na kadiri miaka ilivyosonga mzigo wa gharama ukawaangukia wazazi: karo, madawati, vitabu, sare, ada ya mtihani. Elimu ya msingi bila malipo ilirudi Januari 2003 tu. Katikati hapo tulirudishwa nyumbani muhula baada ya muhula. Shule yangu ilitupanga mstari nje ya ofisi, majina yakasomwa kwa sauti, tukaondoka na mikoba yetu huku wenzetu wakituangalia dirishani. Nilikaa nyumbani wiki tano nzima nikiwa darasa la tano. Wiki hizo tano, kusoma kwangu kulikuwa uwanjani.

Wasichana waliingia ligini mwaka wa 1992, na kwetu kikwazo kilikuwa beseni. Msichana ndiye anayechota maji, ndiye anayefua, ndiye anayembeba mdogo wake mgongoni. Mama alinikatalia kabisa: mpira wa nini na nguo zimelowa? Jumamosi moja walikuja wachezaji wenzangu saba, wakabisha hodi. "Shikamoo Mama. Tumekuja kufua. Tukimaliza tunaomba tumchukue, tutamrudisha kabla ya magharibi." Walifua hadi mablanketi. Mama alikaa mlangoni akiwatazama, hakusema neno, na tangu siku hiyo hakunizuia tena.

Kisha nikachaguliwa katibu wa timu. Hapa ndipo ninapotaka kukawia, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kuandika. Ligi ile iliendeshwa na vijana wenyewe: viongozi wa kanda walichaguliwa na wachezaji, wengi wakiwa bado hawajafikisha miaka 18. Kikao kilihitaji kumbukumbu, na zikiwa na kasoro kikao kilichofuata kilizikataa. Nimewahi kuandika upya ukurasa mmoja mara tatu kwa sababu nilisahau kutaja nani aliunga mkono hoja. Uwanjani pia palikuwa na sheria yake. Nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusema na refa. Mchezaji mwingine akifungua mdomo alitolewa nje, na kabla ya kurudi alipaswa kuchezesha mechi za watoto wadogo. Rafiki yangu mkali kuliko wote alipewa adhabu hiyo, akapiga filimbi huku watoto wa miaka tisa wakimlilia kila upande. Alirudi mpole.

Usafi, ukocha na urefa vilimpa kila mtu pointi zake binafsi, na waliokuwa na nyingi walilipiwa karo. Fedha hazikupitia mkononi mwetu, zilikwenda moja kwa moja shuleni. Hivyo ndivyo nilivyoingia kidato cha kwanza. Kulikuwa na maktaba pia, na mtu aliyekulia katika chumba kimoja chenye jiko, kitanda na koroboi inayotoa moshi anajua meza tupu na taa ya umeme ni nini kwa mtoto mwenye kazi ya ziada.

Watu hukumbuka vikombe. Mathare United, iliyozaliwa ndani ya MYSA mwaka wa 1994, ilitwaa Kombe la Moi mwaka wa 1998 ikiwa bado daraja la chini, na ikawa bingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008. Tulilia kwa furaha. Lakini waliokuja baadaye kuiga walileta jezi na mipira, wakapiga picha, wakaondoka. Ile karatasi ya ukutani hawakuiona. Mimi nasema kazi kubwa ilifanywa na karatasi, na daftari la nahodha. Mpira ulituita uwanjani, nasi tukabaki kwa sababu jina la mtoto lilikuwa na uzito mahali fulani.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Eastlands, mwaka wa 14. Walimu wenzangu, mna ligi ya darasa au ya mtaa? Ijumaa msiandike msimamo ninyi. Mpeni mtoto kalamu, hasa yule aliyerudi jana baada ya kurudishwa nyumbani, na mkubali akikosea ajumlishe tena.