Uzito wa Apizo

Watu wengi hulitumia neno kulaani kana kwamba ni sawa na kuchukia. Si sawa. Chuki hukaa moyoni, na mtu aweza kuzikwa nayo bila jirani kujua. Tusi hutoka kinywani, likauma, kisha likasahauliwa. Lakini apizo ni ombi: mwenye kuapiza huomba mwenziwe apatwe na mabaya, naye hutegemea nguvu iliyo kubwa kuliko yake. Neno laana tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kumtenga mtu na rehema ya Mungu. Apizo limetokana na kuapa. Kwa hiyo kiapo na apizo ni ndugu wa tumbo moja; maana anayeapa hujiapiza, kwamba akilivunja neno lake mabaya yamrudie mwenyewe.

Undugu huo ulionekana wazi katika nchi ya Thika na Ruiru. Ukitoka Nairobi kwenda kaskazini utapita Ruiru, kisha utafika Thika. Magharibi ya Thika ni Gatundu, alikokaa Jomo Kenyatta. Na magharibi ya Ruiru ni mji wa Kiambu. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya ardhi ya huko ilikuwa mashamba ya walowezi, na Wakikuyu wengi walifanya kazi ya kibarua katika ardhi waliyoihesabu kuwa yao. Uchungu huo uliwafanya wengi wale kiapo cha siri cha Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku mwaka 1950. Kila aliyeapa alijiapiza kwamba akitoa siri, kiapo kimwue.

Jumapili, tarehe 24 Agosti 1952, ulifanyika mkutano mkubwa mjini Kiambu. Chifu Waruhiu na Harry Thuku walikuwapo, na makumi ya maelfu ya watu walikuja kusikiliza. Kenyatta alisimama akaikana Mau Mau mbele yao. Hakusema tu kwamba haipendi. Alitaja mizizi ya mikongoe, msemo wa Kikuyu wa kukitakia kitu kipotee kisirudi tena. Na msemaji hakuwa mgeni wa mambo hayo. Katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotolewa mwaka 1938, alikuwa ameeleza jinsi viapo vilivyotumika kukata mashauri ya Wakikuyu.

Hebu fikiri hali ya mtu aliyesimama katika mkutano ule, naye amekwisha kula kiapo. Akiendelea na wenzake, apizo la kiongozi wake liko juu yake. Akiwaacha na kuwataja, apizo alilojitakia mwenyewe linamngoja.

Neno hilo lilipimwa katika mizani mbili. Bildad Kaggia, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba viongozi wa siri walimwita Kenyatta Nairobi wakamtaka aache kusema vile. Kwao apizo lilikuwa zito mno. Serikali, kwa upande wake, ililiona jepesi. Waruhiu aliuawa tarehe 7 Oktoba. Tarehe 20 hali ya hatari ikatangazwa, na usiku huo Kenyatta akakamatwa nyumbani kwake Gatundu. Katika kesi ya Kapenguria hotuba ya Kiambu haikumwokoa. Hata suala la mkalimani lilizua ubishi: Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete na kuijua lugha ya Kikuyu tangu utotoni, alipingwa na mawakili wa utetezi, naye akaiacha kazi hiyo. Tarehe 8 Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa miaka saba, yeye na wenziwe watano, Kaggia akiwa mmoja wao. Hivyo aliyelitoa apizo na aliyeliogopa walifungwa pamoja.

Wahenga walisema, dua la kuku halimpati mwewe. Mau Mau haikupotea kwa maneno ya siku ile. Hata baada ya uhuru wa 1963 jina lake lilibaki chini ya marufuku, wala halikuondolewa katika sheria mpaka mwaka 2003. Lakini tusidhani kwa hiyo kwamba apizo lile lilikuwa upepo mtupu. Lingalikuwa upepo, waliokula kiapo wasingalisumbuka kulizuia.

Siku hizi twasoma magazetini kwamba serikali fulani imelaani shambulio fulani, na maana yake ni kwamba imelikemea tu. Neno limechakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi. Basi ukisoma habari za wazee wako, usiwapimie kwa sarafu hii iliyochakaa. Uliza ni nani aliyelitamka neno, mbele ya nani, na waliomsikia walikuwa wamejifunga kwa neno gani kabla yake. Hapo ndipo utakapoujua uzito wake.