Historia Inayopanda Vifodi

Historia ya nchi tumezoea kuitafuta kwenye hotuba na maazimio. Sisi wa Arusha tunalo Azimio letu la mwaka 1967, na lina makumbusho yake mjini. Leo nataka kulitetea jalada lisilo na makumbusho: maneno yanayosikika gulioni Tengeru na ndani ya vifodi, kama tulivyozoea kuziita daladala zetu.

Tazama. Neno daladala halikutungwa na wizara. Lilitoka vinywani mwa makonda waliotangaza nauli ya shilingi 5, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala. Serikali ilipoyaruhusu mabasi hayo mwaka 1983, jina lilikwishakaa. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978-79, wananchi waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, mkanda ukabaki, watu wakaufanyia utani. Mzee Mwinyi alipoingia mwaka 1985 na kulegeza masharti, akaitwa Mzee Ruksa. Enzi ya Rais Mkapa, 1995 hadi 2005, kukosa fedha kukaitwa ukapa. Awamu ya tano watu wakasema vyuma vimekaza. Mwenye kuyajua maneno hayo anaujua uchumi wetu bila kufungua kitabu cha takwimu.

Waingereza waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1937 lilianzishwa shirika la Mass-Observation, na watu wake wakawa wanakaa kwenye baa za mji wa Bolton wakiandika waliyoyasikia. Kumbukumbu hizo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Sussex, na wanahistoria wanazitumia hadi leo. Lakini mwaka 1940, vita ilipopamba moto, shirika hilohilo likawa linaipelekea Wizara ya Habari taarifa za hali ya mioyo ya wananchi. Sikio la mtafiti likageuka sikio la serikali.

Hapo ndipo penye mwiba. Wazee wetu wa enzi ya chama kimoja walijua kushusha sauti mgeni alipofika kijiweni. Leo mgeni huyo ni simu. Inanasa sauti na sura ya mtu, na kabla hajashuka kituoni mji mzima umekwishamcheka. Watu wakiogopa hivyo watanyamaza, na jalada letu litafungwa.

Mimi kazi yangu ni kusikiliza, na nina kanuni moja: chukua neno, mwache mwenyewe. Juzi konda wa njia ya Usa River alimwomba mama mmoja asogee, kwa kuwa kiti ni cha watu wanne. Mama akajibu, "Mwanangu, hao wanne unaowasema hawakula loshoro." Gari zima likaangua kicheko, mama akicheka kuliko wote.

Basi nawe ukisikia la kuchekesha Kilombero au Sakina, liandike daftarini pamoja na mwaka. Jina la mtu liache hukohuko.