Soli za Tiba: Njia ya Old Korogwe hadi Moshi

Soli ya tiba hutengenezwa kwa umbo la unyayo wa mtu mmoja, ikawekwa ndani ya kiatu ili kushikilia tao la mguu au kupunguza mkandamizo penye kidonda. Kwa wakazi wa Old Korogwe, kando ya Mto Pangani, historia ya kifaa hiki inapatikana Moshi.

Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, mashamba ya mkonge yakienea bondeni. Kinga ya mguu wa kibarua wa mashamba hayo, pale alipokuwa nayo, ilikuja kuwa katambuga za tairi. Maradhi nayo yaliidhuru miguu. Polio iliacha miguu iliyopinda. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini aligunduliwa mwaka 1996. Ukoma ulifisha hisia za unyayo, mtu akakanyaga mwiba bila kujua. Leo kisukari hufanya vivyo hivyo.

Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971 kuhudumia kanda ya kaskazini, Tanga ikiwemo. Mwaka 1981, kwa msaada wa Ujerumani, kikaanzishwa hapo chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kazi huanza kwa bendeji ya plasta. Fundi huuvika mguu, akashika kisigino katika mkao sahihi hadi plasta ikauke. Ndani ya kasha linalobaki mguu ukitolewa humiminwa jasi, na juu ya umbo linalopatikana hufinyangwa plastiki iliyolainishwa kwa joto. Siku ya kufitisha, mgonjwa hutembea kidogo, kisha huvua viatu akaguliwe ngozi. Wekundu usiofifia baada ya dakika 20 hivi ni ishara kwamba soli inabana. Mahali hapo hupashwa moto na kutanuliwa, au husagwa. Kwa asiye na hisia, wekundu huo ndio shahidi pekee, kwani hawezi kusema panauma.

Ukaguzi hauishii hapo. Mtoto hukua, sponji ya soli hubonyea, na soli iliyoachwa bila kurekebishwa huweza kuleta kidonda kilekile ilichotengenezwa kukizuia. Kutoka Korogwe hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 200, nauli nzito kwa mkulima anayetakiwa kurudi mara kwa mara. Treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi, inayopita Korogwe, ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi.

Marekebisho madogo hayahitaji karakana kubwa. Fundi mmoja mwenye kifaa cha hewa moto, tupa na mashine ya kusagia anatosha, naye anastahili kuwepo katika kila hospitali ya wilaya.