Ada ya kadi na punguzo la taslimu

Ada ya kadi ni kiasi anachokatwa mwenye duka na benki pamoja na kampuni za malipo kila mteja anapolipa kwa kadi ya mkopo. Ada ya asilimia 3 kwa bidhaa ya dola 100 humwachia dola 97. Ikiwa faida yake ilikuwa dola 6, nusu imekwenda.

Ndiyo sababu baadhi ya wenye maduka madogo nchini Marekani humpunguzia bei anayelipa taslimu, haki inayolindwa na sheria ya shirikisho ya 2010. Jimbo la New York, hata hivyo, liliruhusu punguzo hilo lakini likaharamisha nyongeza kwa mwenye kadi, japo tofauti ya bei ni ile ile. Mwaka wa 2017, katika kesi ya saluni ya Expressions Hair Design na wenzake, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya jimbo hilo ilidhibiti kauli ya mfanyabiashara, wala si bei anayotoza.