Les Ames, mlinda wiketi wa Kent aliyefanya kazi za watu wawili

Msomaji wa Uingereza aliyefungua ukurasa wa kriketi wakati wa kiangazi, mwishoni mwa miaka ya 1920, hakukawia kuyakuta majina mawili yaliyofuatana kama kumbikumbi: Ames na Freeman. Freeman ndiye aliyerusha mpira, Ames ndiye aliyebomoa wiketi, na katikati yao kulikuwa na mpigaji fulani anayerudi kibandani akijiuliza kosa lake lilikuwa nini.

Kosa lenyewe lilikuwa kutoka nje ya mstari. Alfred Freeman, waliyembandika jina Tich kwa ufupi wake, alikuwa mrushaji wa mipira ya polepole inayozunguka na kukata kona ikigusa ardhi. Mpigaji akiuona unavyoelea hewani alitamani kuufuata, akapiga hatua mbili mbele, akakosa. Nyuma yake palichutama Ames, karibu na vijiti kiasi cha kusikia pumzi zake. Mpira ukitua kwenye glavu, vijiti vilianguka kabla mguu wa mpigaji haujarudi nyumbani. Mwaka 1928 Freeman alichukua wiketi 304 katika msimu mmoja, na mpaka leo hakuna mrushaji mwingine aliyefika 300.

Leslie Ames alizaliwa mwaka 1905 katika kijiji cha Elham, Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Kilichompeleka kwenye timu ya kaunti kilikuwa upigaji wake. Glavu zilikuja kwa ushauri: Gerry Weigall, mchezaji wa zamani wa Kent, alimwambia kijana huyo kwamba akijifunza kulinda wiketi njia yake itafunguka. Ushauri wa busara, ingawa nadhani hata Weigall hakujua alikuwa akimtwika nini.

Siku hizo mlinda wiketi alikuwa fundi wa kazi moja. Alidaka, akabomoa, akaja kupiga mwishoni pamoja na warushaji, na mikimbio yoyote aliyoipata ilihesabiwa kuwa nyongeza ya muuzaji. Mashabiki wa Kenya wanaomkumbuka Tariq Iqbal kule Pune, Februari 1996, akihangaika na mpira uliomgusa Brian Lara hadi ukatulia mikononi mwake, wanajua kwamba mdako mmoja unaweza kutosha kumpa mlinda wiketi jina. Ames hakutaka kuishi kwa midako peke yake. Alipiga akienda mbele, akipenda mpira upite juu ya vichwa vya wadakaji, na alikuwa na haraka. Zilipoanza kutolewa tuzo za kila mwaka kwa anayefikisha mikimbio 100 upesi kuliko wote, alizichukua mara mbili, 1936 na 1939.

Ipo hesabu moja inayomweleza kuliko zote. Kufikisha mikimbio 1,000 na kuwatoa wapigaji 100 kwa glavu ndani ya msimu mmoja ni jambo ambalo Ames alilifanya mara tatu: 1928, 1929 na 1932. Katika historia yote ya kriketi ya Uingereza mtu mwingine mmoja tu, John Murray wa Middlesex, amelifanya, tena mara moja, mwaka 1957. Katika msimu huo wa 1932 Ames alibomoa wiketi 64 za wapigaji waliotoka nje ya mstari. Ratiba za kaunti zimepungua sana tangu hapo, kwa hiyo sioni atakayeifikia rekodi hiyo.

Mwaka uliofuata akaamua, kana kwamba amechoka kuinama, kupiga tu hadi watu washangae. Alimaliza 1933 akiwa na mikimbio 3,058, na huko Folkestone, dhidi ya Gloucestershire, alifika 295.

Hata hivyo minong'ono haikuisha. Alipopewa glavu za timu ya taifa badala ya George Duckworth wa Lancashire, wapo waliosema Ames amechaguliwa kwa sababu ya mikimbio, na kwamba fundi halisi ameachwa benchi. Mimi siwaamini. Mtu asiyejua kulinda wiketi hawezi kusimama nyuma ya Freeman siku sita kwa wiki, viwanja vikiwa vimelowa mvua na mpira ukiruka unavyotaka. Tena huyo huyo ndiye aliyeidaka mipira ya kasi ya Harold Larwood katika mfululizo wa mechi uliojaa uhasama kule Australia, 1932 hadi 1933.

Kuinama kulidai bei yake. Mgongo ulianza kumsumbua kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na aliporudi kutoka jeshi la anga alikuwa mpigaji tu. Glavu za Kent zikawa za kijana Godfrey Evans. Agosti 1950, akiwa na umri wa miaka 44, alifikisha mikimbio 100 kwa mara ya 100 kwenye uwanja wa Canterbury, ule uliokuwa na mti mkubwa ndani ya mipaka yake. Alikuwa mtu wa 12 kufika hapo, na wa kwanza aliyekuwa mlinda wiketi. Mwaka uliofuata mgongo ulimkatalia kabisa. Alistaafu akiwa na mikimbio 37,248.

Kent hawakumwacha aende. Alirudi ofisini kama katibu na meneja, na mwaka 1970 kaunti hiyo, iliyokuwa mkiani katikati ya msimu, ikatwaa ubingwa iliousubiri tangu 1913. Mlinda wiketi wake alikuwa Alan Knott, kijana wa Kent, naye alijua kupiga.